Nia Njema Haijazi Daftari

Mtaa wa Ngagara, mjini Bujumbura, ulijengwa katika miaka ya 1950 na idara ya Kibelgiji iliyokabidhiwa kazi ya nyumba za Waafrika mijini, ile OCAF ambayo wazee wa Bujumbura hadi leo hulitumia jina lake kuuita mtaa wenyewe; nao ulijengwa kwa mpango, kartie zake, yaani vitongoji vyake, zikapewa nambari, njia zikanyooshwa, na nyumba zikapimwa kabla ya kupata wenyewe. Miaka sabini baadaye, katika kartie zile zile ambazo sasa zimo ndani ya komini ya Ntahangwa, yameota maduka, karakana, shule za binafsi, zahanati, vyama vya kuweka akiba, na nyumba za ibada za madhehebu yasiyohesabika kwa urahisi. Na nyingi katika kazi hizo zilianzishwa na mtu mmoja mwenye ari na imani, na nyingi, kwa masikitiko yetu, hufifia au huzozaniwa pale ari ya mtu yule inapopungua, au umri wake unapokwisha.

Mimi nasema kwamba kinachoziangusha kazi hizi aghalabu si uhaba wa imani wala wa rasilimali, ni upungufu wa tadbiri. Na tadbiri ninayoikusudia haipimwi kwa wingi wa vyeti wala kwa ukubwa wa ofisi, kwa kuwa asili yake ni jambo moja ambalo mwenye duka na mchungaji, imamu na mkuu wa shule, wote waweza kulishika au kulikosa kwa kadiri moja: kujua kwamba unachokiongoza ni amana mikononi mwako, kwamba wako watu nyuma yake wenye haki ya kukuuliza, na kwamba iko siku utakikabidhi. Atakayelikubali jambo hilo, maarifa mengine ya uongozi atayatafuta mwenyewe kwa sababu atayahitaji. Na atakayelikataa, hata akisomeshwa katika vyuo vya Ulaya, elimu yake itakuwa sitara mpya ya hiana ya zamani.

Najua wako watakaonijibu, hasa katika nyumba za ibada, kwamba kazi ya Mungu huendeshwa kwa sala na ikhlasi, na kwamba daftari, kamati na ukaguzi ni mambo ya mabenki. Lakini hoja hiyo haina msingi katika vitabu vyenyewe tunavyovisoma. Katika kitabu cha Kutoka, Musa alikuwa akikaa tangu asubuhi hata jioni akiwaamua watu peke yake, na aliyemkataza ni mkwewe Yethro, mtu mzima mwenye uzoefu, ambaye alimwonya kwamba atajidhoofisha yeye na watu wake pamoja, akamwagiza ateue viongozi wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Katika Matendo ya Mitume, watu walipolalamika kwamba wajane wao wanasahaulika katika mgawo wa kila siku, mitume hawakuwaambia wasali zaidi. Waliagiza wachaguliwe watu saba wenye sifa njema wakabidhiwe kazi hiyo. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, aya ya 282 ya sura ya Al-Baqara, ni juu ya deni: liandikwe, mwandishi aandike kwa uadilifu, na mashahidi wawepo. Dini iliyoiweka hukumu ya stakabadhi katika aya yake ndefu kuliko zote haiwezi kutajwa kuwa kisingizio cha mtu asiyetaka kuandika alichopokea.

Tadbiri huanza kwa kujua kazi yako ni ipi, na, jambo ambalo ni gumu zaidi, kujua ipi si kazi yako. Tunao mfano ng'ambo ya pili tu ya mtaa wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mapadri Wamisionari Waksaveri, miongoni mwao Mtaliano Claudio Marano, walianzisha Kituo cha Vijana cha Kamenge ili kuwahudumia vijana wa mitaa ya kaskazini, yaani Kamenge, Kinama, Cibitoke, Ngagara, Gihosha na Buterere. Na kabla kituo hakijazoea kusimama, Rais Melchior Ndadaye wa Burundi akauawa Oktoba 1993, nchi ikaingia vitani, na mitaa hii ikagawanyika kwa kabila, Kamenge na Kinama zikabaki za upande mmoja, Ngagara na Cibitoke za upande wa pili, hata barabara zilizokuwa za kwendea sokoni zikawa mipaka ya kuogopwa. Wakati kama huo shirika lolote lingeweza kujiingiza katika kila shida inayolia mlangoni, likagawa chakula leo na kesho likajenga nyumba, na keshokutwa likasahau lililoliita. Kituo kile kilishikilia neno moja, kwamba vijana wa pande zote wajifunze kuishi pamoja. Maktaba, viwanja vya michezo, masomo ya lugha na ya kazi, ngoma na michezo ya kuigiza, vyote vikawa njia za kulifikia neno hilo hilo. Mnamo 2002 kilipewa tuzo ya Right Livelihood, ambayo wengi huiita Nobel mbadala. Nami nadhani fundisho lake kwa viongozi wetu si la ujasiri peke yake, ijapokuwa ujasiri ulikuwapo. Ni la kusudi lililo wazi kiasi cha kuweza kukataliwa au kukubaliwa na mtu yeyote aliyelisikia.

Mashirika yetu mengi, ukiyasoma makusudi yake katika katiba yalizojiandikishia, utakuta yametajwa yatima, wajane, mazingira, ukimwi, amani, kilimo, elimu na michezo, yote katika ukurasa mmoja, kana kwamba mwandishi aliogopa mfadhili fulani asije akakosa neno analolipenda. Shirika la namna hiyo haliwezi kushindwa, kwa sababu halikuahidi kitu kinachopimika, wala haliwezi kufaulu kwa sababu hiyo hiyo. Mwenye karakana ya magari aliyegeuka kuwa muuza saruji, kisha mwenye kukodisha viti vya harusi, kisha mwenye duka la simu, naye ana maradhi hayo hayo. Na tofauti ni kwamba yeye soko litamfundisha kwa haraka, ilhali shirika la dini huweza kuishi miaka mingi katika hali hiyo kwa huruma ya watoaji sadaka.

Baada ya kusudi huja mfuko, na hapa ndipo penye mtihani wa kweli. Watu wa pwani ya Waswahili, ambao baadhi ya wafanyabiashara wao walifika hadi ziwani kwetu kwa njia ya Ujiji na wakaacha lugha hii na dini yao katika mitaa kama Buyenzi, walikuwa na hukumu ya wakfu tangu zamani: mali iliyowekwa wakfu haiuzwi, hairithiwi, wala haitolewi hiba, mapato yake huenda pale alipokusudia mwenye kuiweka, na msimamizi wake, yaani mutawalli, ana ujira wake unaojulikana bali hana milki. Hukumu yenyewe ilikuwa safi. Lakini wanadamu ni wanadamu, na nyumba za wakfu zilipoanza kuchakaa na wasimamizi wakaanza kuzihesabu katika mirathi yao, ilibidi Zanzibar, mwanzoni mwa karne ya 20, iundwe Kamisheni ya Wakfu ili iziandike mali hizo na kudai hesabu zake. Funzo lake ni kwamba hata wacha Mungu, wakiwa na sheria nzuri na majina mema, walihitaji mtu wa kuwauliza.

Katika Ngagara ya leo mutawalli huyo ni mchungaji ambaye namba ya simu yake ya mkononi ndiyo hupokea sadaka, au ni mkurugenzi wa shirika ambaye akaunti ya benki ina sahihi moja, yake, au ni mwenye duka ambaye hutoa kwenye droo ya mauzo fedha za shule, za msiba na za harusi ya shemeji, kisha mwisho wa mwezi hushangaa kwamba bidhaa zimepungua na fedha hazikuongezeka. Sisemi kwamba hawa ni wezi. Wengi wao ni watu wema, na uzuri wao ndio unaowadanganya, kwa maana mtu anayejijua kuwa si mwizi huona haya au hasira akiombwa risiti. Lakini mfuko uliochanganyika hauwezi kusema ukweli, hata kwa mwenyewe. Mwenye duka asiyejilipa mshahara maalumu, hata ukiwa mdogo, hataweza kujua kama duka linamlisha yeye au yeye ndiye anayelilisha duka.

Dawa yake si ngumu, wala haihitaji mhasibu aliyetoka ng'ambo. Sadaka zihesabiwe na watu watatu wasio wa nyumba moja, papo hapo, kabla hazijatoka katika jengo, nao watie sahihi zao katika karatasi moja. Akaunti iwe kwa jina la shirika, na hundi iwe na sahihi mbili za watu wasiohusiana kwa damu wala kwa ndoa. Kila kinachoingia na kinachotoka kiandikwe siku ile ile, na mwisho wa mwezi daftari lilinganishwe na karatasi ya benki, na tofauti ielezwe kwa maandishi hata ikiwa ni ya faranga mia. Anayeidhinisha matumizi asiwe ndiye anayeshika fedha, na anayeshika fedha asiwe ndiye anayeandika daftari. Mwisho wa mwaka hesabu zisomwe mbele ya mkutano mkuu, kwa lugha wanayoielewa waliohudhuria, si kwa Kifaransa cha haraka kinachosomwa ili kisisikike. Yote haya huwachukua watu wachache saa chache, na humlinda kiongozi mwaminifu zaidi ya yanavyomtisha asiye mwaminifu, kwa sababu siku ya uvumi, na siku hiyo huja kwa kila kiongozi, mwenye daftari husema kidogo akaaminiwa, na asiye nalo huapa sana wala asisadikiwe.

Kisha kuna kugawa madaraka, ule wasia wa Yethro. Sheria zetu huzitaka jumuiya ziwe na mtu atakayezisemea mbele ya serikali, mwakilishi wa kisheria, na cheo hicho, ambacho kwa asili ni dhima ya kutia sahihi barua, kimegeuka katika makanisa na mashirika mengi kuwa ufalme. Mwakilishi ndiye anayehubiri, ndiye anayeajiri, ndiye mwenye ufunguo wa gari na wa kabati, ndiye anayekwenda kuonana na wafadhili, na akisafiri wiki mbili hakuna mtu anayethubutu kununua hata ndoo ya rangi. Huonekana kuwa mchapa kazi, na hakika anachoka. Lakini uchovu wake ni ushahidi wa kutojua kazi yake. Kiongozi ajuaye kazi huandika ni nani anayeamua nini, na hadi kiasi gani cha fedha, kisha huwaacha wenzake waamue, akubali kwamba baadhi ya maamuzi yao hayatafanana na yake, na ajizuie asiyarudie. Hilo la mwisho ndilo zito, kwani kumpa mtu kazi na kumnyima haki ya kukosea ni sawa na kutompa.

Na katika hao wanaogawiwa kazi wako walioajiriwa, ambao hali yao ni mizani ya uongozi wenyewe. Imekuwa desturi, katika shule na zahanati za mashirika ya dini, kumwambia mwalimu au muuguzi kwamba hii ni huduma, na thawabu yake iko mbinguni, ilhali kodi ya nyumba yake ya Kartie ya Tano iko hapa duniani na hulipwa mwanzo wa mwezi. Mtu anayejitolea kwa hiari yake na kwa muda unaojulikana ni wa kushukuriwa. Lakini anayefanya kazi siku sita kwa wiki na kuandikwa katika ratiba huyo ni mfanyakazi, anastahili mkataba, mshahara wa siku maalumu, na mchango wake wa uzeeni upelekwe INSS, taasisi ya taifa ya hifadhi ya jamii, kama sheria inavyotaka. Shirika linalowahubiria matajiri haki na kuwanyima vibarua wake haki zao halina mahubiri; na mfanyabiashara anayechelewesha mishahara ili kuongeza bidhaa amekopa kwa watu wasioweza kumdai.

Nimefika kwenye misukosuko, na hapa mji wetu umekwisha kulipa ada ya kutosha ya masomo. Tarehe 27 Januari 2013, siku ya Jumapili, soko kuu la Bujumbura liliteketea. Bidhaa zilizokuwamo ziliteketea nalo, na pamoja na bidhaa, fedha taslimu ambazo wafanyabiashara wengi walikuwa wamezilaza humo humo katika vibanda vyao; wengi hawakuwa na bima, na mikopo ya benki iliyonunulia bidhaa zile haikuungua. Walionusurika walitawanyika katika masoko ya mitaani, likiwamo lile la Ngagara ambalo watu huliita COTEBU, wakaanza upya. Miaka kumi baadaye, Mei 2023, bei rasmi ya dola moja iliruka kutoka faranga elfu mbili na kidogo hadi takribani elfu mbili na mia nane. Na mwezi uliofuata Benki ya Jamhuri ya Burundi ikatangaza kwamba noti za 5,000 na za 10,000 za toleo la 2018 zibadilishwe katika siku kumi, na baada ya hapo zisiwe na thamani. Fikiri hali ya mweka hazina wa jumuiya aliyekuwa na akiba ya jengo la kanisa katika sanduku chini ya kitanda, kwa kuamini kwamba ndipo mahali salama kuliko benki. Ongeza juu ya hayo miaka hii ya magari kulala vituoni yakisubiri petroli, na utaona kwamba kwetu sisi msukosuko si jambo la kushangaza linalokatiza hali ya kawaida. Ni sehemu ya hali ya kawaida, na mpango usiouhesabu si mpango.

Mashirika ya hisani yana msukosuko wake wa pekee, nao ni mfadhili mmoja. Mwishoni mwa Septemba 2018 serikali ilisimamisha kazi za mashirika ya kigeni kwa miezi mitatu, kwa kutokutimiza sheria ya mwaka 2017 inayoyahusu. Na bila ya kuingia katika hoja za pande mbili, ukweli ni kwamba jumuiya ndogo za hapa zilizokuwa zikiishi kwa mkono wa shirika moja la kigeni zilijikuta katika muda wa siku chache hazina mshahara wa kulipa. Kiongozi mwenye tadbiri huitazama orodha ya mapato yake na kujiuliza: huyu wa kwanza akiondoka kesho, tutaishi miezi mingapi? Ikiwa jibu ni mmoja, kazi yake ya kwanza si kuandika ombi jingine kwa mfadhili yule yule. Ni kujenga michango ya waumini wake, hata ikiwa midogo, na kuweka akiba ya miezi mitatu au minne isiyoguswa ila kwa idhini ya kamati nzima.

Na akiba si kwa ajili ya maafa tu. Ni kwa ajili ya uchakavu pia, ambao ni msiba wa polepole. Jina la soko letu latokana na kiwanda cha nguo cha COTEBU, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa msaada wa China, kikafuma pamba ya nchi hii na kuwaajiri watu wengi. Kisha mitambo ikazeeka, madeni yakalimbikizana, mitumba na nguo za kutoka Asia zikajaa sokoni, na katika miaka ya 2000 kikafunga milango, hadi kampuni ya watu binafsi ilipokuja baadaye kukifufua kwa jina la Afritextile. Kiwanda hakifi siku kinapofungwa. Huanza kufa mwaka ule wa kwanza ambao fungu la kununulia mashine mpya linatumika kwa jambo jingine. Kila zahanati yenye darubini moja, na kila shule yenye basi moja, ingefaa ilisome jina la COTEBU kila inapopita sokoni.

Nisije nikaonekana kama mtu anayetaja maanguko tu, nitaje na kilichosimama. Nchini Uganda, waumini walei wa Kanisa Katoliki walianzisha mwaka 1983 mfuko wa maendeleo ya vijijini, kwa kumbukumbu ya miaka mia moja, iliyokuwa imetimia miaka michache kabla, tangu dini yao ifike nchini humo mnamo 1879. Mfuko ule ukawa benki kamili mwaka 1993, na njiani ilipitia taabu, kwani kukopesha kwa sababu mtu anajulikana parokiani si njia ya kurudisha mkopo. Iliwapasa wabadilishe taratibu, ofisa wa mikopo atoke ofisini aende kuyapima mapato ya mkopaji dukani na shambani kwake, na deni likichelewa siku chache lifuatiliwe mara moja kabla halijawa kubwa la kuona haya. Leo Benki ya Centenary ni miongoni mwa mabenki makubwa kabisa ya Uganda, na sehemu kubwa ya hisa zake bado ni za Kanisa. Haikuacha imani ili ifaulu. Iliacha uzembe uliokuwa umejificha ndani ya jina la imani, na maskini wa vijijini wakapata mahali pa kukopa panapodumu.

Limebaki la mwisho, nalo ndilo linaloyapima yote yaliyotangulia: kukabidhi. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2014 juu ya madhehebu ya dini ililitaka dhehebu la wenyeji liwe na waumini wasiopungua 300, na lenye asili ya ng'ambo wasiopungua 500, liwe na katiba, anwani na viongozi wanaojulikana. Lakini hakuna sheria iwezayo kuuandika ndani ya moyo wa mwanzilishi utayari wa kuondoka. Tumeona mnamo 2018 na 2019 jinsi Kanisa la Waadventista Wasabato nchini lilivyogawanyika juu ya nani ndiye kiongozi wake halali, uamuzi wa wakuu wao wa kimataifa ukipingwa hapa, shauri likafika serikalini, na baadhi ya wachungaji na waumini wakatiwa kizuizini. Hilo ni kanisa kongwe, lenye mpango wa uongozi ulioandikwa tangu zamani na kufuatwa katika mataifa mengi; ikiwa hata kwake makabidhiano yamekuwa magumu kiasi hicho, itakuwaje kwa kanisa la kartie moja ambalo katiba yake iko katika mkoba wa mwanzilishi, na naibu wake ni mkewe, na mweka hazina ni mwanawe wa kwanza?

Katika biashara mambo ni hayo hayo, ila huitwa mirathi. Mzee hufariki, na kumbe hati ya kiwanja iko kwa mtu, madeni ya wateja yako kichwani mwake, na mikopo aliyochukua haijulikani ila na aliyemkopesha. Watoto hugawana bidhaa kama nyama ya sadaka, na duka la miaka thelathini huisha katika arobaini ya mwenyewe. Mtu anayeipenda kazi yake huchagua mrithi mapema, tena kwa uwezo kabla ya ukoo, humpa sehemu ya kazi aiongoze mwenyewe angali hai na aweza kumrekebisha, huandika madeni na hati mahali panapojulikana na wawili au watatu, na huweka ukomo wa muhula wake mwenyewe akauheshimu. Anayesema kwamba hapana afaaye kumfuata amejishitaki, kwa maana kazi ya kumtayarisha afaaye ilikuwa yake.

Wako watakaosema kwamba taratibu hizi zikizidi zitaua moyo wa kujitolea, na kwamba mtu akianza kwa kamati saba hatafika kwenye kazi. Nakubali kwamba kuna hatari hiyo, na nimeyaona mashirika ambayo ripoti zake ni nene kuliko huduma zake. Kikundi cha akina mama kumi na watano wa upatu, ambao wengi hapa huuita tontini, hakihitaji mkaguzi wa hesabu kutoka katikati ya mji. Kinahitaji daftari moja, kisanduku chenye funguo mbili zilizo kwa watu wawili, na kikao cha kila wiki ambapo fedha zinahesabiwa machoni pa wote, na kwa hakika vikundi vingi vya akina mama hawa hutimiza hayo vizuri zaidi kuliko jumuiya zenye ofisi na mabango. Kipimo ni kwamba utaratibu ulingane na ukubwa wa amana: pale fedha za watu zinapokuwa nyingi, na wenye fedha wanapokuwa mbali, ndipo maandishi yanapostahili kuongezeka.

Basi neno langu kwa viongozi wa Ngagara, wa maduka na wa madhabahu, ni kwamba wasingoje semina ya mfadhili wala agizo la komini. Mwezi huu huu watenganishe mfuko wao na mfuko wa kazi, waongeze sahihi ya pili katika akaunti, na waandike jina la mtu atakayeshika usukani wakiugua. Na kwa waumini, wanachama, wafanyakazi na watoto wa wenye maduka nasema kwamba kuuliza si utovu wa adabu: mkutano mkuu ujao utakapofika, mwombeni mweka hazina asome hesabu kwa sauti, nanyi msiondoke kabla hajamaliza. Kiongozi atakayekasirika kwa swali hilo ameshajibu, na atakayelipokea kwa furaha mpeni mkono, kwa kuwa huyo ndiye anayefaa kuachiwa amana.